Johana arap Chepyegon, Mzee wa Ukurasa wa Arobaini na Saba

“Kugo, kwani ulisema ndiyo?”

Swali hilo Mzee Johana arap Chepyegon aliulizwa na mjukuu wake Chemutai, alasiri ya Ijumaa tarehe 19 Julai 2019, mzee akiwa anakatakata nepia, majani ya kulisha ng'ombe, nyuma ya nyumba. Wajukuu wake wote walimwita Kugo, kama babu yeyote wa Kipsigis anavyoitwa. Chemutai alikuwa na miaka kumi, na alikuwa ametoka shuleni mbio, kwa sababu wenzake walimwambia babu yake ndiye aliyebariki msitu ukatwe. Mzee alisimamisha panga hewani, akaitazama nepia, halafu akaendelea kukata. Siku hiyo alikata nepia ambayo ng'ombe mmoja hawezi kuimaliza kwa siku mbili. Swali likabaki pale uani karibu miaka sita. Jibu lake limewekwa mwisho wa wasifu huu, maana mwenyewe aliagiza liwe mwisho, watu wasije wakaondoka kabla ya maziko.

Mzee Johana alizaliwa mwaka wa 1948 katika kijiji cha Kapsinendet, upande wa Sosiot, akiwa wa tatu kati ya watoto saba. Kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Julai, lakini hiyo ni tarehe ya karani aliyekuwa na haraka. Mama yake alisema tu kwamba alizaliwa wimbi likivunwa. Nyumba yao ilitazama msitu wa Tebeswet, tena kwa karibu, kiasi kwamba tumbili walijua siku ya kuchemsha mahindi kabla ya majirani.

Alianza shule mwaka wa 1957 na kumaliza darasa la saba mwaka wa 1964. Katika hesabu hakuwa na mpinzani. Hata hivyo, nafasi ya sekondari katika familia ilikuwa moja tu, na kaka yake alikuwa ameshaikalia. Alibatizwa mwaka wa 1963, na jina la Johana alilichagua mwenyewe, kwa sababu alimpenda yule mtu wa Biblia aliyekaa nyikani akila asali. Mchungaji alimkumbusha kwamba huyo alikula na nzige pia. Johana akasema hiyo wataongea baadaye.

Mwezi wa Februari 1969 aliajiriwa kuwa karani wa mizani katika kituo cha kununulia chai, kile kibanda cha mabati ambapo wakulima wadogo huleta majani mabichi yapimwe kabla lori la kiwanda halijafika. Aliishika mizani hiyo miaka thelathini na minne, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2003. Wengi walioketi hapa leo walipanga foleni mbele yake, na wanaujua ule mkono. Aliuingiza ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, akatoa majani ya chini kabisa, yale ambayo mtu hafikirii yatatazamwa, akayamwaga mezani. Sheria ilikuwa majani mawili na chipukizi. Yakiwa magumu, au yamemwagiwa maji yaongeze uzito, gunia lilirudi nyumbani. “Sikukatai wewe, mama,” alikuwa akisema. “Nakataa maji.” Hakupiga kelele wala hakunong'ona. Alisema ili foleni yote isikie, kwa sababu, kwa maneno yake, hapana inayosemewa sikioni ni mwanzo wa mazungumzo mengine.

Jumamosi tarehe 15 Desemba 1973 alifunga ndoa ya kanisani na Janeffer, binti aliyekuja kituoni kupima majani ya baba yake na ambaye, kwa ushuhuda wa Johana, hakuwahi kurudishiwa hata jani moja. Rekodi hiyo ilivunjika mwaka wa 1978. Asubuhi hiyo Janeffer alikuwa na mtoto mgongoni na mvua kichwani, akachuma kwa haraka, akaleta gunia akijua aliye kwenye mizani ni baba wa mtoto. Johana akaingiza mkono. Akatoa majani manne yaliyokomaa, akayainua juu watu wayaone.

“Mama Kipkurui, haya rudi nayo.”

Kando ya lori la kiwanda alikuwa amesimama Calvince Okello, mzaliwa wa upande wa ziwa, mtu wa boila kiwandani, ambaye siku hiyo alikuwa amepewa lifti tu. “Omera, ndugu yangu,” akasema, bila hata kufahamiana na mtu, “leo utakula wapi?”

Alikula nyumbani. Janeffer alimwekea mezani ugali wa ukubwa wa yai. Alipouliza mwingine uko wapi, akajibiwa, “Nimeurudisha. Ulikuwa mgumu.” Hali hiyo iliendelea siku nne. Kuanzia hapo majani ya Janeffer yalikuwa bora kuliko ya kijiji kizima, na Okello akawa rafiki wa nyumba hii kwa miaka arobaini na saba.

Baada ya kustaafu, Mzee aligeukia nyuki. Alikuwa na mizinga mitano ndani ya msitu, kwa kibali. Msitu wa Tebeswet ni wa hifadhi na sheria inaulinda. Wanakijiji waliingia kwa kibali tu, kuchukua kuni zilizoanguka zenyewe, asali, miti ya dawa, na sinendet, ule mmea unaotambaa ambao mzee huvishwa shingoni siku ya baraka. Kwa miaka kumi na sita hakuwahi kukata hata fito bila ruhusa. Chemutai aliwahi kumuuliza kama askari wa msitu wanajua idadi ya fito. Mzee akasema wao hawajui, ila yeye anajua.

Mwanzoni mwa 2019 zikaja habari kwamba kampuni moja inataka kujenga hoteli na nyumba za kifahari upande wa pili wa msitu, na inahitaji pa kupitia: barabara ya upana wa mita ishirini na urefu wa kilomita saba, katikati ya miti. Barabara ya kuzunguka msitu ipo tangu wakati wa mkoloni. Ina matope, ni kweli, na wenye kulala hotelini inaonekana matope hawayataki. Sheria inasema wananchi waulizwe kwanza. Basi wakaulizwa, na namna walivyoulizwa ndiyo inayoitia familia hii kinyaa mpaka leo.

Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chifu, kwa Kiingereza, likiwa limefunikwa nusu na tangazo la chanjo ya ng'ombe. Kitabu cha mradi kilikuwa na kurasa mia tatu na kumi na mbili, nakala moja tu, mjini, na mtu alitakiwa akisomee palepale na kukirudisha kabla ya chakula cha mchana. Mkutano wa kutoa maoni uliitwa Alhamisi tarehe 14 Machi 2019, saa nne asubuhi, katika uwanja wa shule ya msingi. Wenye mradi walifika saa saba. Sasa, kila mtoto aliyelelewa kwenye nchi hii ya chai anajua saa nane mchana kuna nini. Kuna mvua. Wao pia walijua, kwa sababu walikuja na hema, na hema lilitosha viti vyao tu.

Mzee Johana alikwenda na karatasi. Ilikuwa kurasa mbili za daftari la hesabu la Chemutai, zimeandikwa pande zote, zimekunjwa kwenye mfuko wa ndani wa koti la kijivu. Alikuwa amekwenda kukataa, na hilo lieleweke kabla ya mengine yote. Lakini alipofika tu, afisa wa mradi, kijana mwenye buti mpya ambazo hazijawahi kuona shamba, alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

“Mzee wetu, tumeambiwa wewe ndiye mkubwa hapa. Mkutano hauwezi kuanza bila baraka. Utatufungulia?”

Kwa Wakipsigis, mzee akiombwa baraka hasemi ngoja kwanza nifikirie. Tena Mzee alijiambia kwamba aliyefungua mkutano atasikilizwa vizuri zaidi wakati wa maoni ukifika. Hapo ndipo alipokosea.

Akavishwa sinendet, iliyokatwa asubuhi hiyohiyo katika msitu wenyewe. Akapewa kibuyu cha mursik, maziwa yetu yaliyolala. Akapiga funda, akayarushia kusanyiko kwa mdomo, matone madogo, kama walivyofanya baba zake. Akaomba mvua inyeshe kwa wakati wake, ng'ombe wazae, watoto wasome, wageni warudi makwao salama. Kila mstari watu wakaitikia, mamia kwa pamoja: iwe hivyo, iwe hivyo. Kamera zikafanya kazi yake. Barabara hakuitaja. Wote waliokuwepo wakiulizwa leo, hakuna atakayesema aliitaja.

Zikafuata hotuba tano na kwaya ya shule. Maoni ya wananchi yalikuwa yamepangiwa dakika kumi, nayo yalianza saa nane kasoro dakika tano. Mzee akainua mkono. Afisa akatabasamu kwa heshima zote.

“Mzee wetu ameshasema. Wacha sasa tusikie vijana.”

Angeweza kusimama tu na kusema, kama alivyosema miaka thelathini na minne mbele ya foleni. Lakini mila ina upande wake wa pili: mdomo uliobariki kusanyiko haulipingi siku hiyohiyo, sinendet ikiwa bado shingoni. Mzee aliushusha mkono. Mvua ikaja. Watu wakakimbilia madarasani, wakaandika majina kwenye karatasi ili wapewe mkate na soda, na mkutano ukaishia hapo. Ile karatasi yake haikutoka mfukoni.

Ripoti ilitoka mwezi wa Julai. Kwenye ukurasa wa arobaini na saba kuna picha yake, sinendet shingoni, mdomo umejaa maziwa, na chini yake maneno haya: “Wazee wa jamii wabariki barabara, wananchi waunga mkono kwa sauti moja.” Zile “iwe hivyo” za ng'ombe na watoto na mvua zilikuwa zimegeuzwa kuwa ndiyo ya barabara. Karatasi ya mkate nayo ilikuwa imeambatishwa mwishoni, saini mia tatu themanini na sita za kukubali, pamoja na ya mtoto wa chekechea ambaye badala ya jina alichora kuku. Kuku yupo. Mtu akitaka kumwona, ni saini ya mia mbili na nne.

Siku ripoti hiyo ilipofika kijijini ndipo Chemutai alipouliza lile swali la kwenye nepia.

Mwezi wa Septemba picha ikatoka kitabuni ikaja barabarani. Bango kubwa lilisimamishwa njia panda, uso wa Mzee ukiwa mkubwa kama mlango wa kanisa, na maandishi: JAMII IMEBARIKI. Alipita chini yake kila Jumapili akienda ibada. Alilichukia kama mtu anavyochukia harufu ya kitu kilichofia darini, ambacho hukioni lakini unakula nacho na kulala nacho. Kibaya zaidi, hata kulitemea mate hakuweza. Watu wengine wakichukizwa wanatema. Kwetu mate ya mzee ni baraka.

“Nikitema,” alimwambia Okello wakiwa wamesimama chini ya bango, “nimebariki mara ya pili.”

Okello alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Halafu akaacha. “Johana, gunia la mke wako ulilirudisha, watu wote wakiona. Hili lao mbona umepokea?”

Maneno hayo yalimwingia. Kesho yake alivaa koti la kijivu akaenda mjini, na alikwenda mara tatu kwa jumla. Aliyempokea mezani alikuwa mwanamke mpole, na familia haina neno baya juu yake.

“Mzee, muda wa kutoa maoni ulishafungwa.”

“Sina maoni. Nataka mfute jina langu na picha yangu.”

“Haifutiki. Imeshachapishwa.”

“Hata kama ni uongo?”

“Mzee wangu, kwani si wewe uko kwenye picha?”

“Ni mimi.”

“Basi ni ukweli.”

Safari ya tatu aliambiwa alete barua ya chifu ya kuthibitisha kwamba yeye ndiye yule wa kwenye picha, ndipo malalamiko yapokelewe. Akauliza kama bango lilihitaji barua hiyo. Barua mbili alizoandika kwa mkono zilipigwa muhuri wa kupokelewa, na hakuna aliyesikia habari zake tena.

Tingatinga liliingia msituni Jumatatu tarehe 8 Februari 2021. Mizinga mitatu kati ya mitano ilianguka na miti yake. Kwa siku kadhaa nyuki walirudi, wakazunguka hewani, juu sana, pale hasa mlango wa mzinga ulipokuwa, wakitafuta pa kuingilia na hakuna kitu. Mzee alisimama chini yao amevua kofia, kama mtu aliyefika msibani akakuta wameshazika. Chemutai alikuwa naye, akamshikia kofia.

Ile barabara ilifika kilomita tatu, hadi miti minene ya mwisho ilipokuwa, ikaishia hapo. Hoteli haijaonekana. Kilichoonekana ni malori yakitoka na magogo yamefunikwa turubai, kana kwamba kuna ambaye hakujua ni magogo. Kijito ambacho kijiji kinachota maji kiligeuka rangi ya chai ya maziwa. Bango lenyewe bado lipo njia panda, na waliotoka mbali kuja hapa leo wamelipita. Jua limekula maneno yote, uso ndio umebaki.

Mwezi wa Oktoba 2023 Mzee alianza kukwamwa na chakula. Tarehe 22 Januari 2024 iligundulika kwamba ana saratani ya koo. Alitibiwa katika hospitali ya Longisa, na familia inawashukuru wauguzi, hasa waliomruhusu kukaa na chupa ya asali kando ya kitanda ingawa kumeza hakuweza tena. Alikuwa akiifungua na kuinusa. Kuna waliosema ugonjwa huo ni adhabu, kwa vile aliubariki msitu ufe. Familia inaomba neno hilo lisirudiwe, hapa wala njiani. Ugonjwa huu umezika watu wengi katika kaunti hizi ambao hawakuwahi kubariki hata kuku.

Aliaga dunia Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake Kapsinendet, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Janeffer. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita, au sabini na saba ukifuata wimbi.

Amemwacha mjane, Janeffer; mwanawe Kipkurui na binti yake Eddah pamoja na wenzi wao; wajukuu tisa, na kitukuu mmoja ambaye jina lake bado linabishaniwa. Ameacha ndugu wawili na dada mmoja. Amemwacha Calvince Okello, ambaye familia imemhesabu hapa pamoja na ndugu, akitaka asitake. Ameacha pia mizinga miwili yenye nyuki ndani.

Ile karatasi ya daftari ilikutwa mfukoni, katika koti la kijivu alilovikwa leo. Imenakiliwa, kisha imerudishwa mahali pake. Iliyo ndani ni hii, kwa maneno yake: “Mimi Johana arap Chepyegon, mkulima, nakataa barabara hii. Kwanza, maji ya Kapsinendet yanatoka humo ndani. Pili, barabara ya zamani ipo, itengenezwe hiyo. Tatu, kama mnatujia kwa wema, njooni asubuhi, mvua haijafika.” Zilizobaki ni hesabu za upana wa njia na idadi ya miti, alizozipiga mwenyewe na kuzihakiki mara mbili. Hayo ndiyo maoni ya mwananchi. Yamechelewa miaka sita, na yamechapishwa kwenye ratiba ya mazishi kwa sababu hakuna kitabu kingine kilichoyapokea. Nakala ni mia tano. Kila mtu aondoke na yake.

Mzee atakayebariki kaburi baadaye ataitikiwa kama ilivyo desturi. Wenye kamera waandike kwamba tuliitikia kaburi.

Udongo wa Kapsinendet umpokee taratibu, alale asisikie mlio wa tingatinga.

Jumapili tarehe 18 Mei, sauti ikiwa imebaki nyembamba kama uzi, alimwita Chemutai, ambaye sasa yuko kidato cha tatu, akamwambia ndiye atakayeandika wasifu na kuusoma. “Usinipambe,” akasema. Kisha akauliza, “Lile swali la kwenye nepia, bado unalo?”

“Ninalo, Kugo.”

“Ile ndiyo sikuisema. Lakini hapana nilikuwa nayo hapa mdomoni, nikaimeza pamoja na maziwa, kwa sababu ya adabu. Andika yote mawili. Na usome kwa sauti, foleni yote isikie.”